Umeinua Gari, Umeweka Tairi Kubwa, Ukifika 90 Inatetemeka: Anzia Hapa Kabla Hujanunua Kifaa

Wenye mkonga (Land Cruiser ya kazi) hapa Arusha wengi wanaujua huu ugonjwa. Gari ilikuwa sawa kabisa, ukaiinua inchi 2, ukavua tairi zake ukafunga za matope zenye upana wa milimita 285, mjini inatembea vizuri na kwenye vile vijiji vya 50 husikii kitu, ila ukishapita Kisongo barabara ikafunguka, ukakanyaga mafuta mshale ukafika 85, 90, basi usukani unaanza kucheza au kiti kinakuvumia mgongoni mpaka Makuyuni. Ukienda gereji unaambiwa shokapu. Badili shokapu. Nimeona watu wamebadilisha shokapu nne, bushi zote za chini, tairodi, hela imeisha na gari inatetemeka kwa spidi ile ile, na hili jambo linaniuma kweli maana mara nyingi ugonjwa wenyewe ungejulikana asubuhi moja tu bila kununua chochote. Shokapu mbovu itafanya gari irukeruke kwenye mashimo, lakini mtetemo unaokuja kwenye lami laini kwa spidi fulani unatoka kwenye kitu kinachozunguka. Ndo hicho cha kutafuta.

Sasa vitu vinavyozunguka havizunguki kwa kasi moja, na hapa ndo pa kukamata. Tairi ya 285/75R16 ina kimo cha kama sentimita 83, ikizunguka mara moja gari imesogea mita 2.6 hivi. Ukiwa 100 kwa saa, hiyo tairi inazunguka mara 10 na kidogo kwa sekunde. Propela shafti, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka zaidi ya hapo kufuatana na difu yako, kama difu ni ya 4.1 ina maana tairi ikizunguka mara moja propela imezunguka mara 4.1, kwahiyo kwa spidi hiyo hiyo propela iko kwenye mara 43 kwa sekunde. Tofauti yake mwili unaisikia kabisa. Mtetemo wa mara 10 ni wa kutikisa, unaona mikono inacheza kwenye usukani, maji kwenye chupa yanaruka, karibu uweze kuuhesabu. Wa mara 43 huwezi kuuhesabu, unakuja kama mvumo, unauma kwenye sakafu na kiti, kioo cha nyuma kinakuwa na ukungu huoni gari iliyoko nyuma yako. Ukishajua uko upande gani umeokoa hela nyingi. Kuna programu za simu zinazosoma mtikisiko na kukupa namba ya mara ngapi kwa sekunde, weka simu kwenye sakafu abiria akusomee, wewe shika usukani.

Ila kumbuka pia spidi unayoisoma siyo ile uliyoizoea. Kama gari ilikuja na 265/70R16 alafu umeweka 285/75R16, tairi imekua kwa asilimia 7 hivi, mshale ukisema 100 gari inakwenda kasi kuliko ilivyokwenda zamani mshale ukiwa hapo hapo. Hesabu za mtetemo fanya kwa spidi ya GPS.

Kwenye barabara fanya hivi, sehemu iliyonyooka na hakuna gari nyuma. Fika kwenye ile spidi inayotetemeka, shikilia hapo, alafu achia mafuta taratibu, alafu kanyaga tena. Kama mtetemo haujali mguu wako uko hivo hivo, fikiria tairi na rimu kwanza. Kama unaongezeka ukikanyaga na kupungua ukiachia, au kinyume chake, hapo sogea kwenye propela, krosi (viungo vya miisho yake) na pinioni (gia ya difu inayopokea propela). Baada ya hapo weka nyutro gari iserereke (injini usizime kabisa, usukani na breki vinaitegemea), mtetemo ukibaki basi injini umeshaitoa kwenye kesi. Kama unakuja ukikanyaga breki tu, ni diski, usihangaike na mengine. Na angalia unausikia wapi, ukiwa mikononi zaidi anza na tairi za mbele, ukiwa kwenye kiti angalia nyuma, ingawa hii nayo siyo sheria maana kwenye mkonga ekseli ya mbele ni kipande kimoja kutoka tairi hadi tairi na mambo yanasambaa.

Kwenye tairi, kitu cha kwanza ni matope. Siyo utani, gari ikitoka kwenye udongo mweusi wa mbuga inabeba kilo nzima za udongo upande wa ndani wa rimu pale usipopaona, unakauka unakuwa kama tofali, na hakuna balansi itakayosimama hapo. Osha ndani kabisa kwa presha kabla hujaenda popote. Alafu kagua tairi zenyewe moja moja, inua kwa jeki, weka bisibisi juu ya kopo karibu na meno ya tairi, zungusha kwa mkono uangalie nafasi. Ikiwa nafasi inafunguka na kufunga milimita mbili au tatu hiyo tairi siyo duara, au rimu imepinda, au tairi haijakaa vizuri kwenye rimu, na balansi haiwezi kutibu kitu ambacho siyo duara. Ukiona nundu au meno yamevimba sehemu moja, toa hiyo tairi leo, waya za ndani zimeachana na kwa spidi ya lami itapasuka. Wanaonunua za mtumba soma zile namba nne za mwisho ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi ya matope iliyokaa miaka mingi inaweza kuwa na meno mazuri yanayokudanganya.

Balansi yenyewe simama uangalie. Tairi kubwa na nzito inataka mashine inayobalansi pande zote mbili, ndani na nje, na inataka ifungwe katikati sawasawa, maana ikifungwa upande mashine itakwambia sifuri na barabarani bado inatikisa. Mimi huwa namwomba fundi akishapata sifuri alegeze, azungushe tairi nusu kwenye mashine, akaze tena apime, namba zikiruka sana basi haikufungwa katikati. Fundi mzuri hakasiriki ukimwomba hivo. Na nati jamani! Rimu nyingi za chuma zinataka nati zenye kichwa cha mteremko, rimu za aloi za Toyota wenyewe zinataka zenye shingo na washa bapa, ukichanganya tairi haikai katikati ya habu na pia ni hatari. Zikaze kwa msalaba gari ikiwa juu ya jeki, siyo kuanza na moja na kuzunguka.

Ushauri wangu mkubwa kwenye hili ni kwamba zile tairi za zamani usiziuze wiki ile ile. Zirudishe kwenye gari, nenda Makuyuni urudi. Mtetemo ukiisha, ugonjwa uko kwenye tairi na rimu mpya. Ukibaki, acha kuwasumbua watu wa tairi.

Tukija kwenye propela, hapa ndo kuinua gari kunaingia, kwa sababu umeipandisha giaboksi na transifa (giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma) pamoja na bodi lakini difu zimebaki chini, kwahiyo propela imelala kwa mteremko mkali kuliko kiwandani. Propela ya krosi mbili, moja kila mwisho, inataka pembe ya juu na pembe ya chini zilingane, zikitofautiana zaidi ya digrii moja hivi inaanza kuvuma. Kipimo cha pembe cha fundi vyuma kinatosha, weka kwenye uso wa flenji ya transifa, weka kwenye flenji ya difu, linganisha. Nyuma kwenye springi za majani inarekebishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli, kidogo tu. Mbele ni pagumu zaidi, kwa sababu kuinua kunaondoa kasta (ule mlalo wa ekseli unaofanya usukani urudi katikati) na usukani unakuwa mwepesi haurudi wenyewe, ukifunga bushi za kasta kuurudisha unazungusha ekseli na pinioni inaelekea chini zaidi, umetibu usukani umeumiza propela. Kujua kama ni ya mbele ni rahisi kwa mwenye loki za habu, zifungue uende kwenye 2H (zinavuta tairi za nyuma tu) propela ya mbele isizunguke, alafu jaribu na zikiwa zimefungwa, mvumo ukija zikifungwa tu umeshampata. Wenye Prado ya kudumu kwenye 4x4 wanaweza kufungua propela ya mbele kabisa na kufunga difu ya kati kwa jaribio fupi.

Kabla propela haijafunguliwa kwa sababu yoyote, hata ya grisi, piga alama ya rangi pande zote zinazoungana, ikirudishwa meno mawili pembeni ya ilipokuwa itavuma hata kama kila kitu ni kipya.

Kuna ule mwingine wa kutisha, unapiga kijishimo au rasta kwenye 70 au 80, usukani wote unapigwa kushoto kulia huwezi kushika mpaka upunguze mpaka karibu kusimama. Huo siyo balansi tu, hapo kuna kitu kimelegea mbele, beringi za kingipini, bushi za panadi rodi, tairodi, beringi za habu. Mtu mmoja akae ndani achezeshe usukani gari ikiwa chini na injini inawaka, mwingine aingie uvunguni aweke mkono kwenye kila kiungo, kinachocheza utakisikia. Ukifungiwa shokapu ya usukani mpya wakati hivyo vimelegea, utatulia mwezi kisha urudi na nguvu, kwahiyo mwambie fundi aanze na vilivyolegea, shokapu hiyo iwe ya mwisho, na kabla hujalipa upande naye mkaijaribu kwenye ile ile spidi.