Kichuchu cha matunda kwa mtoto anayeota meno

Dada, umeuliza kama mtoto wako wa miezi sita, anayeota meno na kutafuna kila anachoshika, anaweza kula matunda kwa kile kichuchu cha silikoni chenye matundu, kinachotiwa vipande vya tunda ndani. Anaweza, mradi anakaa wima, kichwa kimekaza, nawe uko naye muda wote.

Anza na papai au embe lililoiva, bila ganda wala nyuzi. Vipande vipoe kwanza kwenye friji; ule ubaridi ndio unaotuliza fizi. Bogoya, yaani ndizi mbivu, ni tamu, ila inanata na kuziba matundu, mtoto ananyonya hewa na kukasirika. Asali usimguse nayo kabla hajatimiza mwaka.

Kazi kubwa ni usafi. Akimaliza tu, kifungue, pindua silikoni ndani nje, sugua kwa sabuni na brashi ndogo, kisha kichemshe kama maelezo yake yanaruhusu. Kivute kidogo mbele ya mwanga: ukiona doa jeusi au mpasuko hata mdogo, tupa. Kipande kikikatika kinaweza kumkaba.

Lakini nakuomba sana, kisichukue nafasi ya kijiko. Humo anapata zaidi majimaji ya tunda, na umri huu anahitaji madini ya chuma. Mpondee matoke na maharage, au mchanganyizie unga wa mukene (dagaa) kwenye uji, na kunyonya kuendelee.

Akipata homa kali au kuharisha, usiseme ni meno. Mpeleke kituo cha afya.