Kwa wadogo zangu mliopangiwa ofisi ya mwenza wa Rais

Ukishapokea barua ya uhamisho, utaanza kutafuta majukumu ya bosi wako mpya kwenye Katiba. Hutayakuta. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inamtaja Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Mwenza wake haikumpa kazi yoyote. Hali kiapo cha uongozi, wala hana mamlaka ya kumwagiza hata mtendaji wa kijiji. Shida ni kwamba watu wanamsikiliza kama vile anayo. Katika miaka yangu ya itifaki, hilo ndilo lililonipa kazi kubwa kuliko misafara na mpangilio wa viti.

Chukua ziara ya wodi ya wazazi. Mama, yaani mke wa Rais, anaingia, anawapa hongera waliojifungua, anapakata kichanga, kisha anasema tu, "Jamani, humu kuna joto." Hajamwagiza mtu. Lakini mganga mfawidhi amesikia, mkuu wa wilaya amesikia. Kesho yake feni za wodi ya watoto zimehamishiwa kwa wazazi, na hakuna anayeuliza watoto wamebaki na nini. Kwa hiyo kabla msafara haujaondoka, mfuate mganga mfawidhi, umwambie waziwazi kuwa yale hayakuwa maelekezo. Kama wodi ina upungufu, aupeleke kwenye bajeti yake kwa utaratibu wa kawaida. Nimeshaona pia shuka mpya zikitandikwa asubuhi ya ziara na kukusanywa jioni. Linaniuma mpaka leo. Unapokwenda kukagua eneo siku chache kabla, waeleze wenyeji kwamba kitakachotandikwa kwa ajili ya mgeni kibaki na wagonjwa. Na mpiga picha asiingie mpaka kila mzazi ameulizwa kama anaridhia kupigwa picha.

Utapewa karatasi nyingi. Mjane amenyang'anywa shamba, kijana anataka ada, bibi anatafuta kiti cha magurudumu. Wanazipenyeza mkononi wakati wa kusalimiana, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Uwe na daftari moja la haya tu: jina, kijiji, namba ya simu, shida yenyewe, na ofisi uliyoipelekea. Shauri la shamba lina baraza lake. Usipige simu kwa hakimu wala kwa mwenyekiti wa baraza "kuulizia tu", maana simu ikitoka ofisi hiyo tayari ni shinikizo. Ila mjane ajibiwe, hata kama jibu ni kumwelekeza aende wapi. Kumwacha akisubiri mwaka mzima kwa matumaini ni ukatili.

Taasisi za wenza zina historia ndefu kwetu. Mama Anna Mkapa alianzisha Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote mwaka 1997, ukawainua wanawake wenye biashara ndogondogo. Mama Salma Kikwete, mwalimu wa shule ya msingi kwa taaluma, alianzisha taasisi ya Wanawake na Maendeleo (WAMA) mwaka 2006. Kenya, Margaret Kenyatta, mke wa Rais wa wakati huo, alianzisha kampeni ya Beyond Zero mwaka 2014, na Aprili mwaka huo akakimbia London Marathon kuchangisha fedha za kliniki tembezi kwa ajili ya kina mama na watoto. Naupenda sana mfano huo kwa sababu alishika jambo moja. Hata hivyo, kliniki tembezi ikishakabidhiwa kaunti inahitaji muuguzi, dawa na mafuta kila wiki, na hayo yanatoka kwa serikali yenyewe. Kabla ya kumwandikia Mama hotuba ya uzinduzi, ulizia nani atalipa mwaka wa pili.

Kwenye fedha usimwonee mtu haya. Wafadhili wengi wanakuja kwa sababu ya kiti cha Rais, na wapo wanaotarajia kulipwa fadhila. Orodha ya michango iwe wazi. Ghana, Julai 2021, Rebecca Akufo-Addo, mke wa Rais wa wakati huo, alirudisha posho zote alizolipwa tangu 2017 baada ya wananchi kuja juu. Hapa kwetu, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atamke pia mali za mwenza wake. Zawadi iliyopokelewa iandikwe siku hiyohiyo, kabla haijaingia kwenye gari.

Usimlazimishe bosi wako afanane na aliyemtangulia. Tangu Machi 2021 mwenza wa Rais wetu ni mwanamume, Mzee Hafidh Ameir, na amechagua kutoonekana sana hadharani. Ujerumani, Elke Büdenbender alirudi kwenye kazi yake ya ujaji mumewe akiwa bado Rais wa nchi. Wote wana haki hiyo. Wiki ya kwanza, omba nusu saa umuulize anataka kufanya nini na nini hataki kabisa. Yaandike, akupitishie, kisha mwaliko wowote ulio kinyume na hapo uujibu wewe mwenyewe, kwa barua fupi yenye heshima, bila kusubiri aulizwe upya kila mara.