Mtoto Havai Upande wa Nje: Shangazi Anajibu Barua za Washonaji

Barua nyingi za msimu huu wa joto zinauliza jambo lilelile: nimshonee vipi binti mdogo gauni jepesi, hapa hapa nyumbani, nami si fundi? Nimechagua tano. Vipimo vyote nilivyotaja ni sentimita.

Shangazi, shikamoo. Nina cherehani ya mkono aliyoniachia mama, na shuka la pamba lililochakaa katikati. Binti yangu ana miaka minne. Sijui kuchora wala kukata kwa vipimo vya kifundi. Gauni litapatikana hapo? – Mama anayeanza

Marahaba mwanangu. Litapatikana, tena zuri. Shuka kuukuu nalipenda kuliko kitambaa kipya, maana limefuliwa mara nyingi na halina tena cha kusinyaa. Pamba mpya huweza kupungua asilimia 3 hadi 5 ikifuliwa mara ya kwanza. Gauni la urefu wa 60 likipungua asilimia 5, umepoteza 3, na mtoto hajalivaa hata mara mbili. Kwa hiyo mwenye kitambaa kipya akifue kwanza, akikaushe, akipige pasi, ndipo mkasi uingie. Wewe linyanyue shuka mbele ya dirisha. Panapopitisha mwanga mwingi pamekwisha, paache. Kata pembeni.

Sasa pima kifua cha mtoto. Tuseme ni 56. Zidisha mara moja na nusu upate 84, gawa kwa mbili, ongeza 3 za mishono. Kila kipande kiwe na upana wa 45. Kwa urefu, weka futi chini kidogo ya mtulinga, ishuke mpaka unapotaka gauni liishie. Kama ni 54, ongeza 4 za njia ya lastiki na 7 za upindo, uwe na 65. Vipande viwili vya 45 kwa 65, cha mbele na cha nyuma. Hakuna kipimo kingine cha kuogopa.

Makwapa ndiyo kazi pekee ya mkono wenye uangalifu. Kunja vipande vyote viwili katikati kwa urefu, uvilaze kimoja juu ya kingine, kingo zilizo wazi zikae pamoja. Kwenye pembe ya juu ya upande huo ulio wazi, pima 4 kuingia ndani na 10 kushuka. Unganisha alama hizo kwa mchirizi unaoshuka wima kisha ukajipinda chini kama herufi J. Kata mara moja, upate makwapa manne yanayofanana.

Unga mbavu kuanzia chini ya kwapa. Kata vipande vyembamba vya kitambaa kwa mshazari, upana wa 4, uvizungushie kwenye makwapa kuficha kingo. Usivikate kwa kufuata uzi ulionyooka, kwa sababu kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika na kulala vizuri kwenye kona, cha wima hukunjamana. Halafu pinda juu, 1 kisha 3, upate njia ya lastiki mbele na nyuma. Pitisha lastiki kwa kikwasi. Kwa mtoto wa umri huo mimi hukata 19 mbele na 19 nyuma, nikashona ncha zake imara pembeni.

Mikanda ya begani iache ya mwisho. Mvishe mtoto gauni, mwambie asimame anavyosimama siku zote, ushikize mikanda kwa pini hapo hapo, kisha umwambie ainue mikono juu. Likimbana kwapani, ongeza urefu wa mikanda. Mikanda hiyo ishonwe moja kwa moja mbele na nyuma. Wengi hupenda kupitisha utepe na kuufunga fundo begani. Mimi simshonei mtoto mdogo hivyo. Kamba zinazoning'inia shingoni hunasa kwenye bembea, kwenye mlango, kwenye tawi, na mtoto akakabwa. Viwango vya Ulaya vya nguo za watoto, EN 14682, haviruhusu kamba za kukaza sehemu ya shingo na kofia kwa watoto wadogo, wale wasiotimiza miaka 7. Ukitaka urembo wa fundo, lifunge pembeni, ulishone lisifunguke, na ncha zake ziwe fupi.

Shangazi, nililea wanangu wawili peke yangu na nimejifunza kushona kwa ajili yao. Mkubwa, miaka sita, nimemshonea gauni la maua ambalo kila mtu analisifu. Amelivaa mara moja. Nikimuuliza anasema "silitaki" basi. Nimekosea wapi? – Baba wa mabinti wawili

Ndugu yangu, hongera kwa malezi hayo. Na tafadhali usimgombeze. Ligeuze hilo gauni, ulitazame upande wa ndani. Pitisha mgongo wa mkono wako kwenye kila mshono, taratibu, hasa kwapani na kiunoni. Naamini utakuta kitu kinachokwaruza.

Naamini hivyo kwa sababu yalinipata. Binti yangu alipokuwa na miaka mitano nilimshonea gauni jeupe, nikaweka lasi ya nailoni kwenye makwapa. Nje ilipendeza kweli. Ndani, ukingo wa lasi ulikuwa mgumu kama ufagio. Alilivaa siku moja yenye joto, hakulalamika, na jioni nilipomwogesha nikaona vipele vyekundu vimejipanga chini ya mkono, mstari mmoja, sawasawa na lasi yangu ilipopita. Wiki moja baadaye nilikuta gauni limekunjwa vizuri chini ya godoro lake. Hakutaka kuniumiza, na mimi nilikuwa nimemuumiza yeye. Tangu siku ile naanza kulifikiria gauni kutoka ndani, kwa sababu huko ndiko mwili wake uliko.

Dawa yake ni mshono wa kujificha, ambao wengine huuita mshono wa Kifaransa. Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, yaani pande nzuri zitazame nje. Shona 0.5 kutoka ukingoni. Punguza kingo kwa mkasi mpaka zibaki 0.3, uondoe na nyuzi zote zilizochomoza. Sasa geuza, pande nzuri zitazamane, piga pasi ukingo ukae mkali, ushone tena kwa 0.7. Kingo mbichi zimefungiwa ndani ya mfuko mwembamba wa kitambaa. Ukipitisha kidole hukutani na uzi hata mmoja. Una kazi mara mbili, ni kweli, na kwa gauni la mtoto naiona inastahili kila dakika. Hauhitaji ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo, wala mashine nyingine ya kisasa.

Angalia pia kitambaa chenyewe. Chota nyuzi mbili tatu, uziwashie moto juu ya sahani ya bati, mtoto akiwa mbali. Pamba huungua na kunuka kama karatasi, ikaacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu. Pamba katika hewa ya kawaida hubeba unyevu karibu asilimia 8 ya uzito wake, na poliesta haifiki hata asilimia 1, ndiyo maana jasho hubaki limelala kwenye ngozi. Kama gauni la maua ni la poliesta, tia kitambaa cha ndani cha pamba kifuani, umwonyeshe mwenyewe ulichobadilisha, kisha umuulize tena.

Mjukuu wangu anakua kama uyoga. Nikishona leo, msimu ujao gauni limekuwa blauzi. Nishone kubwa zaidi? – Bibi

Hapana, Bibi yangu. Gauni kubwa humwangusha akikimbia, na mabega hushuka. Fikiri hivi: mtoto wa umri wa kati ya miaka 3 na 10 hurefuka takribani 5 hadi 7 kwa mwaka, lakini gauni hufunika karibu nusu tu ya urefu wake. Kwa hiyo gauni linahitaji nyongeza ya 3 hivi kwa mwaka, si zaidi.

Ifiche nyongeza hiyo kwenye mikunjo juu ya upindo. Mkunjo wenye kina cha 1 hula kitambaa cha 2, hivyo mikunjo miwili inakupa akiba ya 4, na upindo mpana wa 7 unakupa nyingine. Ishone kwa mshono mrefu, uzi wa rangi ileile, ili kufumua kusitoboe kitambaa. Msimu ukifika fumua mmoja. Kitambaa kilichokuwa ndani ya mkunjo kitakuwa na rangi iliyokolea kuliko kilichopigwa na jua, basi funika mstari huo kwa utepe au safu ya kushona kwa mkono, uonekane kama pambo ulilokusudia tangu mwanzo. Kifua hakitakusumbua ukitumia lastiki. Badilisha lastiki tu.

Nikishona kifua cha vimikunjo kwa uzi wa lastiki, kitambaa hakijikusanyi, kinabaki bapa. – Mshonaji aliyekata tamaa

Usikate tamaa dada. Uzi wa lastiki unakaa kwenye bobini tu, kile kigurudumu cha uzi wa chini, juu weka uzi wa kawaida. Uzungushe kwenye bobini kwa mkono, bila kuuvuta sana. Refusha mshono hadi milimita 4, shona upande mzuri ukikutazama, safu ziachane 1. Safu ya kwanza haitaonyesha kitu, na hapo ndipo wengi huacha. Endelea. Kuanzia safu ya pili nyoosha kitambaa kwa mikono kikiwa bapa kila unaposhona. Ukimaliza, shika pasi ya mvuke juu ya kitambaa bila kukigusa, utaona kinajivuta mbele ya macho yako. Na kitambaa ukikate kipana tangu mwanzo, kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya kifua.

Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka kumi. Mama ananifundisha kushona na gauni langu nataka liwe na mfuko, lakini mama hajui niuweke wapi. – Msichana wa darasa la nne

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako niliisoma mara mbili. Magauni mengi ya wasichana hayana mifuko, na wasichana wana vitu vya kubeba kama watu wengine.

Laza kiganja chako juu ya karatasi, vidole vimebanana, uchore kukizunguka. Ongeza 2 kila upande, na juu ongeza 3 za kupinda. Huo ndio ukubwa wa mfuko wako, na si wa mtu mwingine. Sasa vaa gauni kabla halijaungwa mbavu, mama alishikize kwa pini. Simama wima, kunja kiwiko kidogo, mkono utue wenyewe juu ya paja bila wewe kuutafutia mahali. Mama aweke alama ya chaki kwenye ncha za vidole: hapo ndipo chini ya mfuko.

Pinda juu kwanza, kisha piga pasi pande tatu zilizobaki ziingie ndani, ndipo ushone. Kwenye pembe mbili za juu shona pembetatu ndogo, urudie mara mbili, kwa sababu mfuko huanza kuchanikia hapo. Mkono ukishazoea kwa mfuko wa kwanza, tia wa pili upande wa pili. Mbavu ziungwe baada ya hapo.