Magugu na Wadudu Bustanini: Tumia Macho Kabla ya Bomba

Bustani yangu ya mboga hainyunyiziwi sumu. Watu wakiniuliza natumia dawa gani badala yake, nawajibu kwamba kila asubuhi napita kati ya matuta nikikagua. Matatizo mengi ya bustani ni mepesi yakiwahiwa.

Gugu ling'olewe kabla halijatoa maua. Likishapukutisha mbegu umejipa kazi ya miaka, kwa sababu mbegu za magugu mengi hukaa hai udongoni muda mrefu zikingoja mwanga. Ndiyo maana silimi kwa kina kila msimu: jembe huzipandisha juu zile zilizokuwa zimelala. Napalilia juu juu jua likiwa kali, magugu yanyauke palepale, kisha naweka matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Kuzunguka shina naacha nafasi kidogo lisije likaoza.

Ndago ina ubishi wake. Hutoboa matandazo, na ukiivuta kwa majani kiazi chake hubaki chini na kuchipua upya. Ichimbue kwa jembe uma udongo ukiwa na unyevu, fuata mizizi yake kiazi hadi kiazi, na usiitupe kwenye mboji. Itarudi, nawe rudia kila inapochipua, hadi vilivyobaki viishiwe nguvu.

Kwa wadudu, jizoeze kugeuza majani. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea, hupenda upande wa chini na ncha changa, na majike huzaa bila dume, kwa hiyo wachache wa leo ni kundi baada ya siku chache. Wafinye kwa vidole au wapige kwa maji yenye kasi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina hilo, washughulikie pia, maana huwalinda vidukari ili wapate utomvu wao mtamu. Vidukari wakizidi, changanya vijiko 2 vya chai vya sabuni laini ya maji katika lita 1 ya maji, jaribu kwanza kwenye majani machache, kesho yake nyunyiza jioni. Maji hayo yamguse mdudu mwenyewe. Yakishakauka hayana kazi. Sabuni ya unga ya kufulia iache, huunguza majani.

Lakini kabla hujanyunyiza, angalia vizuri. Kati ya vidukari utakuta kijidudu kirefu, cheusi, chenye madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo. Wengi humuua kwa jinsi anavyotisha. Huyo ni mtoto wa yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, na chakula chake ni vidukari. Nikimkuta, tuta lile siligusi kwa sabuni.

Mche ukikutwa asubuhi umekatwa usawa wa udongo, fukua kwa kidole kando ya shina. Mara nyingi utamkuta sota, kiwavi mnene wa kijivu, amejikunja duara. Miche iliyobaki izungushie karatasi ngumu, uizamishe sentimita 2 au 3 ardhini.

Kuna jambo linaloniumiza: maji ya tumbaku yanavyosifiwa kwa kuwa ni ya asili. Nikotini ni sumu kali kwako na kwa nyuki, na tumbaku yenyewe inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya. Chumvi ya kuulia magugu nayo huharibu udongo unaoutegemea.

Ukihitaji dawa itokanayo na mmea, mwarobaini unatosha. Nyunyiza jioni, maana jua huivunja nguvu mapema. Usitegemee kuona mizoga kesho yake. Wadudu huacha kula taratibu na wachanga hushindwa kujivua ngozi, hivyo kagua majani mapya baada ya siku kadhaa ndipo uamue kama unarudia.