Shangazi, mume wangu ameolewa

Shangazi, shikamoo. Naishi Shangani hapa Mtwara, nauza khanga na vitenge, nina mtoto mmoja. Mume wangu ni mtu wa Newala, anafanya kazi za zamu bandarini. Tuna miaka minne ya ndoa na sijawahi kumfumania na lolote. Mwezi uliopita niliamka saa nane usiku nikamkuta sebuleni na laptopu. Kwenye kioo kuna hekalu, watu wamekaa kwenye mabenchi, kasisi anafungisha ndoa. Bwana harusi ni pande la mtu lenye nywele ndefu nyeusi. Bibi harusi ana masikio ya paka. Nikauliza huyo mwanamke nani, akasema, "Anaitwa Somoe. Ni mimi." Halafu akacheka: "Leo nimeolewa." Sikulala. Sasa namchunguza kila usiku. Anazungumza na watu wa humo kwa kuchagua majibu, na anayasoma yote, anafikiri, ndipo anabofya. Mimi nikimuuliza kazini vipi, ananiambia "freshi". Shoga yangu nilipomweleza alinitajia neno ambalo siwezi kulisema, na tangu siku ile nikimtengea mume wangu chakula simwangalii usoni. Wifi anasema ni utoto tu. Mwanamume mzima anajifanya mwanamke ili aolewe na mwanamume wa kwenye kompyuta, ana nini huyu? Na huko si kunisaliti? Tena si haramu?
Mke wa Aliyeolewa

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia, unisamehe. Mara ya pili sikucheka, maana nilifika pale pa kutomwangalia usoni. Mara ya tatu nilimpigia simu mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo, nikamwambia Jumamosi aje Mikindani na laptopu yake, nitampikia pweza wa nazi. Alikuja. Kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu na miwani yangu.

Gemu hiyo, kwa ulivyoieleza, inaitwa Skyrim. Ilitoka Marekani tarehe 11 Novemba 2011, na kwa kuwa ni ya siku nyingi, hata laptopu ya kawaida inaibeba. Unaanza ukiwa mfungwa juu ya mkokoteni, mikono imefungwa, unapelekwa kukatwa kichwa. Mkifika, askari mwenye orodha anakuuliza: wewe nani? Hapo ndipo unachagua. Mwanamume au mwanamke, na kabila lako kati ya makabila kumi. Yapo ya watu, lipo la mijusi, na lipo la paka, wanaitwa Khajiit, wanaona gizani na kucha zao ni silaha. Mumeo alichagua paka. Nakuuliza kwa upole, mwanangu: kuwa mwanamke kumekukosesha usingizi mwezi mzima, na kuwa paka hakukukushtua hata kidogo?

Ndoa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu. Hakuna kilemba cha baba wala mkaja wa mama. Unanunua hirizi ya Mara, mungu wao wa mapenzi, kwa sarafu 200, unaivaa shingoni, na anayekutaka akiiona anaanza kuulizia mwenyewe. Gemu haijali kama wewe ni wa kike au wa kiume. Anayeruhusiwa kuoana na mchezaji anaoana naye vyovyote alivyo. Kesho yake mnakutana hekaluni. Usipotokea, unanuniwa. Lile pande la mtu nadhani ni Farkas, mpiganaji wa mji wa Whiterun, mwenye nguvu nyingi na maneno machache, ana pacha wake Vilkas. Akishakuwa wako anafungua duka, na kila siku anakutolea sarafu 100, fungu lako la faida. Mara moja kwa siku anakupikia pia. Mimi nilikaa kwenye ndoa miaka 26 na sikuwahi kupewa fungu la faida bila kuuliza. Mtoto wa kaka yangu aliponionyesha hiyo sehemu nilimwambia arudie nione vizuri.

Sasa lile neno lililokukosesha usingizi, "nimeolewa". Kiswahili chetu hakina habari na jinsia ya mtu. Amekuja, amekula, ameondoka: ni mwanamume au ni mwanamke, hujui mpaka uambiwe. Mumeo angeweza kukusimulia safari za Somoe mwaka mzima, alivyoua joka, alivyovuka theluji, alivyoibiwa, na wewe huku unamenya ming'oko yako ukawa unaitikia tu, hujui kama shujaa ana ndevu au ana hereni. Siri inakaa salama mpaka safari ifike kwenye harusi. Hapo lugha inambana mtu ukutani: sema umeoa au umeolewa. Kipo kichochoro kimoja, "wameoana", lakini saa nane za usiku nani anakumbuka kichochoro? Mhusika wake ni wa kike, amepata mume, naye akalisema kama lilivyo. Angekuwa anaongea Kiingereza, ungerudi kulala.

Tena alilisema kwa kicheko, hukumminya. Anayeficha jambo si hufunika laptopu akasema "nilikuwa naangalia bei ya korosho"?

Umesema ni mtu wa Newala. Basi huyo amekulia kwenye mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mimi nilikuwa na mama mdogo huko, na nikiwa na miaka kama tisa nilipelekwa kuona vijana wakitoka jandoni. Nilichokiona sijakisahau. Alitoka mchezaji aliyefunikwa uso, na kifuani amefungwa kinyago cha mwili, cha mti, kina matiti na tumbo la mimba lililojaa chale kama za bibi zetu. Ndani yake ni mwanamume. Akatembea mkono kiunoni, akasimama kuhema, akajishika mgongo, akajifanya anakaza khanga asiyokuwa nayo, na wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini, kwa sababu aliwapatia kabisa. Sisi watoto tulikatazwa kumjua, na wote tulimjua kwa vidole vya miguu. Kesho yake alikwenda kupalilia mikorosho kama kawaida. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mkewe, mumeo ana nini.

Nilimhoji mtoto wa kaka yangu kwa nini mwanamume achague mwanamke. Sababu yake ya kwanza ilikuwa ya kihuni: "Shangazi, nitaangalia mgongo wa huyu mtu kwa saa mia moja, si bora niangalie mgongo mzuri?" Nikamwambia aendelee na ya pili. Ya pili ni kwamba kuna gemu ambamo hadithi nyingine za mapenzi huzipati kwa mwili ulioanza nao. Ipo Cyberpunk 2077, ya mwaka 2020. Humo Panam anampenda mhusika wako akiwa wa kiume tu, na Judy akiwa wa kike tu. Anayetaka hadithi zote mbili anacheza mara mbili, kwa miili miwili, na hakuna aliyebadilika kitandani kwake. Akanionyesha na Mass Effect, iliyoanza mwaka 2007, yenye kamanda Shepard anayeweza kuwa mwanamume au mwanamke. Sehemu zake tatu zilipotolewa upya mwaka 2021, wenyewe walitangaza kwamba asilimia 68 walicheza Shepard wa kiume na 32 wa kike. Wallahi siamini kama hao 32 wote walikuwa akina mama.

Halafu kuna ile ya Poland, The Witcher 3 ya mwaka 2015, ambayo haikupi nafasi ya kuchagua mwili. Wewe ni Geralt, mwanamume mwenye mvi, basi. Wako wanawake wawili, Triss na Yennefer. Ukijifanya mjanja ukawaahidi wote, wanakualika chumbani pamoja, unajiona umepata, wanakufunga pingu kitandani na kuondoka zao. Hao wanawake nimewapenda bure.

Kama ni kusalitiwa, Farkas hana namba ya simu, hana chumba cha kupanga Magomeni, na hatakuja kudai mtoto. Mtoe kwenye hesabu. Uharamu mpelekee shehe wenu. Mimi kazi yangu ni ndoa na mapishi. Lakini lile la "freshi" umeliandika haraka ukalipita, na hapo niko upande wako moja kwa moja. Mtu anayeweza kusoma majibu manne, akayapima, akachagua lisilomuudhi mwenzake, halafu mkewe anamtupia neno moja, huyo maneno anayo, anakunyima. Mwambie hivyohivyo, bila kumtaja paka wala mwanamke. Mwambie: "Huko unafikiri kabla ya kujibu, na mimi nataka." Na saa nane za usiku ni nyingi kwa mtu wa zamu; mpangie mwisho saa tano na siku za mapumziko muongeze. Akikataa kabisa, hapo ndipo pa kugombana, na ugombane hasa.

Shoga yako. Neno alilolitaja sitalichapa hapa, na wewe usilirudie. Unaujua mji wetu. Neno lile likitoka Shangani asubuhi, adhuhuri liko bandarini, na jioni mumeo hana kazi, au ana kazi na hana wa kula naye. Umelitoa ndani kwako kwa ajili ya ndoa ya paka. Nenda kwake leo, mwambie ulikosea, ilikuwa gemu, umeshaona mwenyewe, na umkatie mada kila akiifungua. Wapo watu wanaochagua mwili wa humo kwa sababu za ndani ambazo ni zao wenyewe, sikatai, ila huwezi kumsoma mwanamume wako wa miaka minne kupitia masikio ya Khajiit. Wifi yako ana akili zaidi ya shoga yako, ingawa utoto sio neno ambalo ningelitumia.

Ukitaka kuingia humo naye, mwambie akutafutie Stardew Valley, gemu ya shamba iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka mwaka 2016. Mnaweza kugawana kioo kimoja mkalima pamoja, mkafuga kuku, na wachezaji wawili wanaweza kuoana humo. Uwe mwanamume wewe, umuoe yeye, mmalize maneno.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya zile za madeni.

Jumamosi ile tulipofika kwa yule askari na orodha yake, kijana alinipisha kiti. Nikachagua mwanamume, kabila la Nord, ndevu mpaka kifuani. Akacheka: "Shangazi, na wewe!" Nikamwambia anyamaze, nimekuwa mwanamke miaka 61, naruhusiwa likizo ya jioni moja. Ikaja sehemu ya kuandika jina. Nilikuwa nimeshaamua nitaandika Pweza, mzaha tu. Vidole vikaandika jina la marehemu mume wangu, ambalo tangu arobaini yake sikuwa nimepata sababu ya kuliandika popote. Kijana aliona, hakusema kitu. Tukamtembeza kwenye theluji, yeye ambaye alikuwa akivaa sweta Mtwara mwezi wa Julai. Akapigwa rungu na jitu, akaruka angani kama ganda la mpunga kwenye ungo. Nikasema mrudishe. Akamrudisha, tukaendelea mpaka magharibi.

Kwa hiyo mwili wa kike haunisumbui, na mume wa kompyuta hanisumbui. Ninaloliulizia mimi ni jina. Somoe ni jina la huku kwetu. Liite pale soko kuu, watageuka wanawake kumi. Mumeo alikuwa na uwanja mzima, angeandika Malkia, angeandika Nyau, angeandika jina lako. Akaandika Somoe. Inaweza kuwa bibi yake aliyemlea, na kama ndivyo, utaelewa kwa nini anamvalisha nguo za chuma na kumtafutia mume anayempikia. Inaweza kuwa dada aliyefariki mdogo. Subiri usiku ambao hana zamu, mpelekee chai, kaa ubavuni kwake, mwache akuonyeshe nyumba yao na duka la Farkas. Kisha uliza kama unavyouliza bei ya jora kwa muuzaji usiyetaka ajue umelipenda: "Hivi hili jina ulilitoa wapi?"

Akikuambia ni bibi, vuta kiti. Akikuambia ni Somoe mmoja aliyesoma naye sekondari Masasi, niandikie siku hiyohiyo.