Maswali ya kumuuliza mwombaji wa kazi ya polisi katika mji mdogo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba halmashauri ya mji wenu mdogo huko Ohio, Marekani, imekuteua, wewe raia wa kawaida, kukaa kwenye jopo la usaili wa askari polisi, nawe hujui uanzie wapi. Anza na ukweli wa mtu kabla ya ujasiri wake. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Brady ya mwaka 1963, iliyopanuliwa mwaka 1972, mwendesha mashtaka hulazimika kumfichulia mshtakiwa hata yale yanayotia shaka uaminifu wa shahidi. Kwa hiyo askari aliyewahi kudanganya kazini huharibu kesi, na mji wenye askari wachache hauna pa kumweka.

Mwombe asimulie siku aliyokosea na namna alivyomweleza mkubwa wake, kisha nyamaza umsikilize. Mpe pia tukio: ni saa nane usiku, msaada uko mbali dakika 20, na dereva mlevi aliyemsimamisha ni mwalimu wa mwanawe.

Magonjwa usimuulize, kwani sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inakataza hilo kabla ya kumwahidi kazi.

Nakusihi kwa moyo wote, someni faili lake la ajira iliyopita. Jiji la Cleveland, lilipomwajiri askari mmoja, halikulipitia faili ambamo idara ya polisi ya mji mdogo wa Independence, alikotoka, ilikuwa imeandika udhaifu wake, na Novemba 2014 askari huyo akampiga risasi Tamir Rice, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa na bastola ya kuchezea.