Fuata mpangilio wa mistari tangu siku ya kwanza

Ndugu, umeuliza kuna haja gani ya kufuata mpangilio wa mistari, yaani mstari upi uanze na upi ufuate, wakati herufi ya Kichina mwishowe inaonekana ileile. Haja ipo, tena kubwa. Chukua 国, yaani "nchi", yenye mistari 8. Unaanza na ubavu wa kushoto, kisha unapita juu na kukunja kona kushuka kulia bila kuinua kalamu. Halafu unaandika 玉 ndani, na mstari wa chini ndio wa mwisho kabisa: unaingia kwanza, ndipo unafunga mlango. Ukifunga mapema, 玉 inabanwa. Na Wachina wakiandika haraka mistari huungana kwa kufuata mpangilio huohuo. Usipoujua, mwandiko wao hutausoma.

Ila angalia video unazofuata ni za nani. Katika 王, China bara huandika mistari miwili ya mlalo kabla ya ule wa wima. Japani wima huja wa pili. Mimi ningekushauri ushike wa China. Nunua daftari la miraba, uanze na 十, 口 na 小 (hii huanzia katikati), polepole, ukihesabu kila mstari.